Lisbon kwa Jicho la Mswahili: Kuutembelea Mji Mkuu Uliobeba Dhahabu ya Kilwa

Utangulizi

Wahenga walituhimiza tutembee tuone, lakini hawakutuambia tukifika tutazame nini. Miji mikuu ya Ulaya ambayo msomaji wa Kiswahili anaifahamu ni michache. Anaifahamu London kwa kuwa ndiko zilikotoka sheria zetu na mitihani yetu. Anaifahamu Paris kwa sifa zake, Roma kwa ajili ya dini, na Berlin kwa sababu ya ule mkutano wa 1884 hadi 1885 ulioandaa njia ya kuligawanya bara letu. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, haimo katika orodha hiyo. Darasani hutajwa katika sentensi moja tu, kwamba Vasco da Gama aling'oa nanga huko mwaka 1497, kisha merikebu zikisonga mji wenyewe unaachwa nyuma na hausikiki tena.

Makala haya yanakusudia kumzungusha msomaji katika baadhi ya vivutio vya mji huo. Hata hivyo, hayakusudii kuwa tangazo la watalii. Hoja yake ni kwamba Lisbon ni mojawapo ya ghala za historia ya Waswahili, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayeitembelea, iwe kwa miguu au kwa vitabu, anapaswa kwenda huko na swali lake mwenyewe. Swali hilo ni jepesi kulitamka ingawa ni zito kulijibu: katika fahari yote hii, Kilwa iko wapi?

Kianjai na Lisbon

Huenda msomaji akashangaa. Mtu wa Kianjai, kandokando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, ana haja gani na mji ulio kwenye ukingo wa Bahari ya Atlantiki? Mwandishi wa makala haya anatoka huko, naye ana majibu mawili.

Jibu la kwanza ni lugha. Siku ya soko Kianjai, mama muuza maharagwe hupanga vipimo vyake juu ya meza, na akizungumza Kimeru huiita "metha". Kichwani amejifunga leso. Shule iliyo jirani imepandisha bendera. Meza, leso na bendera ni maneno yaliyotoka katika Kireno, yakaingia katika Kiswahili huko pwani, kisha yakapanda bara hadi miteremko ya Nyambene. Hali kadhalika, mahindi na mihogo ni mimea yenye asili ya Amerika iliyofika pwani yetu katika enzi za Wareno. Kwa hiyo Lisbon imeketi nasi mezani, na meza yenyewe ni yake.

Jibu la pili ni simulizi. Wazee wa Meru husimulia kwamba mababu walitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, walikotawaliwa na Nguuntune, yaani watu wa nguo nyekundu, hadi walipotoroka usiku na kuvuka. Baadhi ya watafiti wamepahusisha mahali hapo na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Nguuntune walikuwa akina nani ni suala ambalo wanahistoria hawajaafikiana, na makala haya hayatalitatua. Lililo dhahiri ni kwamba Mmeru naye anajihesabu kuwa na jambo lake katika historia ya pwani. Anapoulizia habari za Kilwa na Manda, haulizii habari za watu baki.

Mji wa vilima, mto na majina ya Kiarabu

Lisbon imejengwa juu ya vilima, kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Tejo, pale mto huo unapotanuka kabla ya kumwaga maji yake baharini. Wenyeji husema vilima ni saba. Katika mitaa ya kale njia ni nyembamba, zimepinda, zina ngazi nyingi, na kuta za nyumba zimepambwa kwa vigae vya rangi, hasa buluu na nyeupe. Msomaji aliyewahi kupita katika vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambamo nyumba zimekaribiana hata jua hupenya kwa kuomba, hatajiona mgeni sana.

Mshabaha huo una sababu. Lisbon ilikuwa mji wa Kiislamu tangu karne ya 8 hadi mwaka 1147, alipouteka mfalme Afonso Henriques akisaidiwa na wanajeshi wa Msalaba. Kanisa kuu la mji, liitwalo Sé, lilianza kujengwa baada ya ushindi huo palipokuwa na msikiti. Mtaa mkongwe kuliko yote unaitwa Alfama, jina litokanalo na neno la Kiarabu lihusulo chemchemi za maji moto, ambalo ni la ukoo mmoja na neno letu "hamamu". Vile vigae huitwa "azulejo", neno ambalo nalo ni la Kiarabu.

Kwa mwanafunzi wa isimu hapa pana funzo. Mreno akitamka "açúcar" nasi tukitamka "sukari", hakuna aliyemkopa mwenzake. Wote wawili walikopa kwa Mwarabu, mmoja magharibi na mwingine kusini. Ndivyo ilivyo pia kwa "açafrão" na "zafarani". Kumbe, Wareno walipotia nanga Malindi mwaka 1498, walikutana na watu ambao, bila kujuana, walikwisha kunywa nao kisima kimoja cha maneno. Hilo halikuwazuia kupigana, lakini linatuonya tusisome historia hiyo kana kwamba ustaarabu ulikuwa umekutana na utupu.

Belém: nyumba iliyojengwa kwa pilipili

Kivutio kikubwa kuliko vyote kiko Belém, upande wa magharibi wa mji. Ndiko Vasco da Gama alikoanzia safari yake tarehe 8 Julai 1497. Hapo pana mambo mawili ambayo UNESCO iliyaingiza pamoja katika Urithi wa Dunia mwaka 1983. La kwanza ni Mnara wa Belém, ngome ndogo iliyojengwa katika muongo wa pili wa karne ya 16 ili kulinda mdomo wa mto. La pili ni nyumba ya watawa wa Jerónimos, jengo la mawe meupe ambalo nguzo zake zimechongwa kamba za merikebu, mimea ya kigeni na viumbe wa baharini.

Jengo hilo lilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa ushuru maalumu wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa zitokazo Afrika na Mashariki, ushuru uliofungamanishwa na jina la pilipili. Kwa maneno mengine, biashara ya Bahari ya Hindi, ambayo Waswahili, Wahindi na Waarabu walikuwa wameiendesha kwa karne nyingi, iligeuka kuwa mawe yaliyochongwa kando ya Tejo.

Ndani ya kanisa la Jerónimos, karibu na mlango, yamewekwa makaburi mawili yanayotazamana: la Vasco da Gama na la mshairi Luís de Camões. Mwanafunzi wa fasihi asiyapite upesi. Camões ndiye mtunzi wa Os Lusíadas, utendi mkuu wa Wareno uliochapwa mwaka 1572 kuitukuza safari ya da Gama. Katika utendi huo Mombasa imechorwa kama mji wa hila, na Malindi kama mji wa ukarimu. Isitoshe, sehemu kubwa ya historia ya Ureno inasimuliwa na da Gama akimweleza mfalme wa Malindi. Maana yake ni kwamba msikilizaji mkuu ndani ya kazi tukufu kuliko zote za fasihi ya Kireno ni Mswahili, lakini mtunzi alimpa masikio zaidi kuliko kinywa. Nani miongoni mwetu atamtungia mfalme yule majibu yake?

Dhahabu ya Kilwa

Tukitoka Belém kurudi katikati ya mji, tunapita kwenye mtaa uitwao Janelas Verdes, ambako lipo Jumba la Makumbusho la Taifa la Sanaa ya Kale. Humo, ndani ya kioo, kimewekwa chombo kiitwacho Custódia ya Belém. Kazi yake ilikuwa kuonyesha Ekaristi kwa waumini. Kimefuliwa kwa dhahabu na kutiwa nakshi za rangi, na kimejengwa mithili ya kanisa dogo. Katikati yake mitume kumi na wawili wamepiga magoti. Wajuzi wa sanaa hukihesabu kuwa kito bora cha ufuaji dhahabu wa Ureno.

Kwenye kitako chake pana maandishi. Yanaeleza kwamba mfalme Manuel aliamuru chombo hicho kitengenezwe kwa dhahabu ya "párias" za Quiloa, na kwamba kazi ilikamilika mwaka 1506. Quiloa ni Kilwa yetu, ile iliyo katika mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania.

Dhahabu hiyo ilipatikanaje? Kilwa haikuwa na migodi. Utajiri wake ulitokana na kuidhibiti biashara ya dhahabu iliyotoka katika nyanda za Zimbabwe na kupitia Sofala. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, da Gama alifika Kilwa akiwa na merikebu zenye mizinga, akautisha mji kwamba atauteketeza, na kumshurutisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa mithqali 1,500 za dhahabu kila mwaka. Mithqali moja ilikaribia gramu nne na robo, hivyo jumla yake ni zaidi kidogo ya kilo sita. Da Gama aliwasili Lisbon na dhahabu hiyo mwaka 1503. Miaka miwili baadaye, Julai 1505, Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuipora, Ibrahim akakimbia, na mtawala mwingine akatawazwa na Wareno. Mwezi uliofuata Mombasa nayo ilichomwa.

Tazama basi mpangilio wa miaka. Dhahabu ilitolewa mwaka 1502, mji ukaporwa mwaka 1505, chombo kikakamilika mwaka 1506. Pale sonara alipokuwa akiwafua mitume wake kumi na wawili, mji uliotoa dhahabu ulikuwa umekwisha kuvunjwa.

Sonara huyo aliitwa Gil Vicente. Msomaji wa tamthilia atalitambua jina hilo, kwa maana Gil Vicente ndiye pia aitwaye baba wa tamthilia ya Kireno, ambaye mchezo wake wa kwanza ulioneshwa mbele ya familia ya kifalme mwaka 1502. Wataalamu wamejadiliana kwa muda mrefu kama hao walikuwa mtu mmoja au wawili. Kama ni mmoja, basi mikono iliyoanzisha tamthilia ya taifa hilo ndiyo iliyoifua dhahabu ya Waswahili.

Tutalitafsirije neno moja?

Hapa ndipo kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili inapoanza. Maandishi yale yanasema "párias". Tukiambiwa tuandike kibao cha Kiswahili kando ya kioo kile, tutaweka neno gani?

Tukisema "zawadi", tutakuwa tumedanganya. Tukisema "kodi" au "ushuru", tutakuwa tumekubali kwamba mfalme wa Ureno alikuwa na haki ya kutoza, kwani kodi hutozwa na serikali halali juu ya raia wake. "Jizya" lina karibu maana ya mtu aliyeshindwa kumlipa aliyemshinda, ila lina mipaka yake katika sheria ya Kiislamu, na hapa mlipaji ndiye Mwislamu. "Ngawira" ni mali itekwayo vitani, nalo lingefaa zaidi kwa yaliyotendeka mwaka 1505 kuliko ya mwaka 1502. Mwandishi wa makala haya anaelekea kwenye maelezo badala ya neno moja: "dhahabu ambayo Kilwa ililazimishwa kulipa". Ni marefu, lakini hayamwonei mtu.

Pengine msomaji ataona huu ni ubishi wa wanaisimu tu. Sivyo. Mtoto wa Kilwa akisoma kwamba mji wake "ulilipa kodi", atajifunza kwamba mababu zake walikuwa raia watiifu. Akisoma kwamba "walilazimishwa kulipa", atauliza walilazimishwa na nani, kwa njia gani, na mali hiyo iko wapi leo. Tafsiri ndiyo inayoamua kama swali litazaliwa au la.

Mji uliotikisika na nyaraka zilizopotea

Uwanja mmoja mkubwa mjini Lisbon unaitwa Praça do Comércio, yaani Uwanja wa Biashara. Uko wazi upande mmoja kuelekea mtoni. Wenyeji bado huuita Terreiro do Paço, uwanja wa kasri, kwa kuwa zamani palikuwa na kasri ya mfalme. Kando ya kasri hiyo ndipo ilipokuwa Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Bahari ya Hindi, Kilwa na Sofala zikiwemo.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, waumini wakiwa makanisani, mji ulipigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Likafuatiwa na mawimbi makubwa kutoka baharini, kisha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Maelfu kwa maelfu ya watu walikufa. Waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal aliusimamia ujenzi mpya, na ndiyo maana mitaa ya eneo la Baixa imenyooka kama mistari ya daftari, tofauti kabisa na Alfama. Kasri iliangamia, na Casa da Índia pamoja na nyaraka zake.

Msomaji wa historia ya Waswahili ana sababu ya kuomboleza hapo. Hesabu za dhahabu, barua za maofisa na taarifa za bandari zetu ziliteketea katika mji ambao wengi wetu hatujawahi kuufikiria. Hata hivyo, si vyote vilivyopotea. Hazina ya nyaraka za taifa, Torre do Tombo, iliokolewa, na tangu 1990 imo katika jengo lake jipya. Humo zimo barua za Kiarabu zilizoandikwa na watawala wa pwani yetu, zikiwemo za Malindi. Aidha, João de Barros, aliyekuwa ofisa wa Casa da Índia, alihifadhi katika kitabu chake cha mwaka 1552 muhtasari wa tarehe ya Kilwa, ambao wanahistoria huulinganisha na ile tarehe ya Kiarabu iliyonakiliwa baadaye Zanzibar. Hivyo, mkono ule uliopora ndio ulioandika pia. Hatuwezi kuutupa ushahidi wake, wala hatuwezi kuupokea bila kuuhoji.

Kisima cha Weusi na Daraja la Tarehe 25 Aprili

Vipo vivutio viwili ambavyo havina dhahabu wala nakshi. Cha kwanza ni mtaa mmoja uitwao Rua do Poço dos Negros, maana yake Mtaa wa Kisima cha Weusi. Mwaka 1515, mfalme Manuel, yuleyule wa Custódia, aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa Waafrika, kwa kuwa zilikuwa zikiachwa ovyo pembezoni mwa mji. Leo ni mtaa wa kawaida wenye maduka na mikahawa. Jina tu ndilo limebaki kuwa kaburi.

Cha pili ni daraja jekundu linaloning'inia juu ya Tejo. Lilipofunguliwa mwaka 1966 lilipewa jina la Salazar, mtawala wa kiimla wa Ureno. Leo linaitwa Daraja la Tarehe 25 Aprili, siku ambayo wanajeshi wa Ureno waliuangusha udikteta mwaka 1974. Wanajeshi hao walikuwa wamechoshwa na vita vya makoloni, na mojawapo ya vita hivyo kilipiganwa na FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kupata kambi Kongwa na Nachingwea. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Basi jina la daraja lile lilichangiwa pia na watu waliopewa hifadhi nchini Tanzania, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini na ya vijiji vilivyowapokea. Lisbon iliyotuma mizinga Kilwa mwaka 1502 ilikombolewa, kwa kiasi fulani, kutoka kusini mwa Tanzania, si mbali na Kilwa yenyewe.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Lisbon, ingawa haizungumzwi sana miongoni mwetu, ni mji tunaopaswa kuusoma. Tumeona majina yaliyo na mzizi mmoja na maneno yetu, jengo lililogharimiwa na biashara ya bahari yetu, utendi ambao msikilizaji wake ni mfalme wa Malindi, na chombo cha dhahabu chenye jina la Kilwa kitakoni.

Yapo maneno ya Kireno yaliyobadilika sura tulipoyapokea. Mreno aingiapo "igreja" huenda kusali, kwa kuwa neno hilo ni kanisa. Lilipofika kwetu likawa "gereza", mahali pa kufungiwa. Wataalamu hueleza badiliko hilo kwa kutaja ngome za Wareno, ambamo kanisa na mahabusu vilikaa ndani ya ukuta mmoja. Waswahili hawakuandika vitabu vya malalamiko juu ya jambo hilo. Waliliweka neno hilo tu katika lugha, nalo linashuhudia mpaka leo.

Nchiru, jirani na Kianjai, ndiko yaliko makao ya Njuri Ncheke. Urithi wa Wameru huhifadhiwa huko kwa kinywa cha wazee, bila kioo wala tiketi. Lisbon wanauhifadhi urithi kwa kioo na mwanga wa taa, lakini kioo hakisemi. Kinasemewa na yule anayeandika kibao. Vibao hivyo, vitabu vya wageni na tafsiri za nyaraka za Torre do Tombo bado vinasubiri kalamu za Kiswahili. Wanafunzi wenzangu wanaotafuta mada za tasnifu, pamoja na walimu wetu wanaozipitisha, na tuitazame kazi hiyo. Kireno kinafundishika, na umbali wa kusini mwa Tanzania hadi kwa wazungumzaji wake, ng'ambo ya mto Ruvuma, si mkubwa. Mali ya Kilwa haijarudi, na pengine haitarudi. Habari zake, angalau, zinaweza kurudi nyumbani kwa lugha ya nyumbani.